Fisi Chini ya Boneti

Saa sita na robo mchana, Jumatatu, gari la Marcelo lilikuwa linanguruma kwa adabu kama mkwe aliyekaribishwa chakula. Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Apolonia Malimi alikuwa ameinama juu ya injini, ncha ya bisibisi ndefu ikigusa chuma na mpini wake umegandamizwa sikioni. Ndivyo mafundi wa Bariadi wanavyosikiliza ugonjwa wa injini, na Apolonia, aliyekagua magari ya mkoa wa Simiyu kwa miaka tisa, hakuona haya kuwaiga. Alisikiliza pampu ya maji, akasikiliza oltaneta, kisha akahamia kwenye supachaja, ile pampu inayoishindilia injini hewa ili gari liwe na nguvu. Hapo alikaa muda mrefu.

"Kanyaga mafuta, fundi."

Athanasi, mwenye gereji, alikuwa kwenye usukani. Akakanyaga. Injini ikapanda, ikashuka, ikatulia. Haikugonga, haikulia, haikukwaruza.

"Zima."

Ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi, na mara zote tatu gari lilitoa jibu lilelile, kwamba halina ugonjwa wowote. Juu ya mlango wa gereji palikuwa na kibao alichokiandika Athanasi kwa mkono wake mwenyewe: GARI HALIDANGANYI. Apolonia alikitazama, akaguna. Kama gari halidanganyi, basi kesho saa tatu asubuhi dereva aitwaye Mwandu angesomewa shtaka la mauaji, na mambo yangekuwa yameisha.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa alfajiri, kwenye barabara ya vumbi ya Sapiwi, Kristofa, karani wa mizani ya pamba, aligongwa kwa nyuma akiwa juu ya baiskeli yake. Aliyemgonga hakusimama. Kristofa alifariki hospitalini Jumamosi bila kufumbua macho. Watu na ng'ombe walikwisha kukanyaga kila alama kabla polisi hawajafika, ikabaki baiskeli iliyopinda tu. Mwandu, dereva wa pikapu ya kubeba pamba, alipita barabara hiyohiyo asubuhi hiyohiyo. Bampa lake lilikuwa limebonyea. Tena siku mbili kabla, mbele ya foleni nzima ya wakulima, alikuwa amemwambia Kristofa kwamba akimpunja tena kwenye mizani atamkanyaga kama chawa. Alipoulizwa kuhusu bampa alijibu kwamba lilipigwa na fahali, na kituo kizima kikacheka. Tangu siku hiyo alikuwa mahabusu, na mkewe, Nyanjige, alishinda kwenye benchi la nje ya kituo akiwa na chungu cha chakula mapajani.

Lakini ndani ya jalada palikuwa na karatasi moja ambayo hakuna aliyeitaka. Bibi Kwandu, mfugaji wa Sapiwi, alieleza kwamba alfajiri ile alisikia fisi aliyepandwa akipita barabarani. Konstebo Method aliyaandika maelezo hayo huku mabega yakimtikisika, kwa maana kila Msukuma amesimuliwa habari za wachawi wanaopanda fisi, na hakuna hakimu anayepokea fisi kuwa kielelezo. Apolonia hakucheka. Alisoma mara mbili, akamwacha fisi pembeni, akaichukua sauti. Bibi alisema ilianza kwa kucharaza, mchakacho mkavu wa haraka, halafu ikalia nyembamba, ikipanda kadiri ilivyokwenda mbio. Fisi halii hivyo hata akipandwa na ukoo mzima. Supachaja mbovu ndiyo hulia hivyo. Na katika wilaya yote gari lenye supachaja alilijua moja tu, hili kubwa jeusi la Kijerumani la Marcelo, mnunuzi wa pamba, lenye ngao ya chuma mbele. Ngao ilikuwa imepakwa rangi mpya. Hata hivyo, kupaka rangi si kosa.

"Alhamisi lilipokuwa hapa ulilifanyia nini?" alimuuliza Athanasi.

"Sevisi, Afande. Nikabadilisha na mafuta ya supachaja." Fundi akagusa kichwa cha chuma kilichochomoza mbele ya pampu. "Hii ina kichumba chake hapa puani. Mafuta yake ni ya peke yake, hayachanganyiki na ya injini. Kikombe cha kahawa kinajaza. Gia na beringi zake zinakunywa humu."

"Uliweka mafuta gani?"

"Yale maalumu. Yalikuja na basi kutoka Mwanza."

"Na mwenyewe amewahi kulalamika kelele?"

"Hapana, Afande." Athanasi alikuwa anafuta spana ambayo alikwisha kuifuta. Apolonia aliliona hilo, akaliweka akiba.

Marcelo aliingia wakati huo, shati jeupe, funguo zikining'inia kidoleni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kicheko cha mtu asiyezoea kungojeshwa.

"Afande, bado unalipima joto? Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mzima, Mzee Marcelo. Nina maswali mawili tu. Ijumaa alfajiri gari hili lilikuwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, hapahapa mjini. Alhamisi jioni nimelichukua kwa huyu, nimelilaza. Nikaliwasha tena Jumamosi."

"Ijumaa hukuliwasha kabisa?"

"Andika kwa herufi kubwa kama unataka. Ijumaa halikuwashwa."

"Na kelele? Kucharaza, kulia, chochote?"

"Kelele gani? Gari hili nalijua kama ninavyolijua tumbo langu. Halijapiga kelele hata siku moja." Akamgeukia Method aliyekuwa anaandika. "Nimeambiwa mnatafuta fisi. Nendeni Serengeti, si mbali."

Method alicheka, kisha akaliona jicho la bosi wake, akakohoa badala yake.

"Weka sahihi hapo," Apolonia alisema. Marcelo akaweka sahihi kubwa yenye mikia.

"Nalichukua saa ngapi?"

"Kesho. Njoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Leo litalala hapa."

"Lilale hapa lifanye nini?"

"Lilale tu," alisema Apolonia. "Ugonjwa wa alfajiri hautafutwi saa sita mchana."

*

Bibi Kwandu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akitikisa kibuyu cha maziwa, na hakukiweka chini kwa sababu ya polisi.

"Mwadila, mayu," Apolonia alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola."

Bibi akaelekeza kidevu kwa Method. "Huyu namjua. Siku ile alikuwa anacheka. Meno yote nje."

"Leo ameyaacha kituoni," alisema Apolonia, akaketi kwenye kigoda. "Bibi, ulimwambia habari ya fisi."

"Nilimwambia mbiti aliyepandwa. Aliandika?"

"Aliandika. Mimi sitaki kujua kilikuwa nini. Nataka unionyeshe kilivyolia."

Bibi alifikiri. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo cha mbegu, akakitikisa upesi upesi, mchakacho mkavu usio na pumzi. Halafu akainua uso na kutoa sauti nyembamba iliyoanzia kooni na kupanda mpaka mbwa akaamka kivulini. Method aliacha kuandika.

"Hivyo," alisema Bibi. "Kwanza vile, halafu hivi. Kikapita."

"Kilitoka wapi?"

"Kule." Mkono wake haukuelekea mjini. Ulielekea upande wa pili, ambako bati za ghala la pamba la Marcelo ziling'aa juani, mwendo wa kufika kwa miguu. "Kikaenda huku, kwenye njia ya mjini. Huko huko walikomkuta huyo kijana wa mizani."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakamua. Nilikuwa kwa ng'ombe wa pili."

"Na pikapu ya Mwandu?"

"Hiyo ilipita baadaye. Nilishakamua wote saba. Hiyo hata ng'ombe wanaijua. Huyu anaichukia kabisa." Akaonyesha fahali mwekundu aliyefungwa kwenye mti wa mgunga, pembe zake pana kama mikono ya mtu anayegombana. "Alhamisi jioni aliipiga pale mbele mpaka Mwandu akapanda juu ya pamba."

Method alimtazama fahali, akalitazama daftari lake.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "mbona hilo hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama nimeona gari. Sikuona gari, nilisikia mbiti."

Apolonia alijizuia kucheka, maana cheko hilo lingekuwa na hasira ndani yake. Mtu alikuwa analala kwenye sakafu ya saruji siku ya nne kwa sababu hakuna aliyekuja kumuuliza mwenye fahali.

"Umekisikia tena kitu hicho siku nyingine?"

"Hapana. Ijumaa tu. Siku hiyo baridi ilikuwa imetukamata, mayu. Kipupwe chenyewe. Hata samli ilikuwa ngumu, niliichokonoa kwa kijiti." Bibi akarudi kwenye kibuyu chake. "Jua likitoka inalegea yenyewe, sijui baridi ina nini."

Kabla ya kurudi mjini, Apolonia alimwamuru Method apeleke gari mbele ya ghala la Marcelo, kisha aendeshe mpaka kwa Bibi huku yeye akitazama saa. Dakika mbili. Kutoka hapo mpaka Bariadi mjini ikawa karibu nusu saa.

"Umeelewa?" alimuuliza.

"Bado, Afande."

"Marcelo anasema gari lililala mjini. Haya, tuseme lilikuja Sapiwi alfajiri. Likifika kwa Bibi limeshatembea nusu saa, injini ni ya moto. Ugonjwa huu mimi nimeutafuta kwenye injini ya moto mara tatu leo, haupo. Kwa hiyo kilichopita kwa Bibi kilikuwa cha baridi. Kilikuwa kimewashwa dakika mbili tu zilizopita. Gari lililala Sapiwi."

Method aliendesha kidogo. "Lakini Afande, Marcelo ana gari hili mwaka wa nne. Vipupwe vimepita vinne. Mbona halikulia miaka yote hiyo?"

"Hilo ni swali zuri," alisema Apolonia. "La kwanza tangu nikujue."

Na hakuwa na jibu lake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika Alhamisi, nacho ni mafuta. Lakini mafuta mapya hayaifanyi pampu ilie. Huiponya.

*

Jibu lilimngoja jikoni kwake, kando ya sufuria.

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumanne alikuwa amejifunga kitenge juu ya sweta, anataka kukaanga viazi viwili vitatu kabla ya kutoka. Baridi iliuma vidole. Akainamisha chupa ya mafuta ya pamba juu ya kikaango, na mafuta hayakuja. Chini ya chupa yalikuwa meupe, mazito kama uji uliolala. Juu yalikuwa na ukungu. Hakushangaa. Mafuta haya hukamuliwa mjini hapahapa, hayachujwi sana, na kila nyumba ya Bariadi inajua kwamba kipupwe kikikaza huganda yenyewe. Akafanya alivyofanya mama yake miaka yote, akaisogeza chupa karibu na jiko na kungoja.

Weupe ukaanza kuyeyuka kutoka pembeni. Baada ya dakika chache mafuta yalikuwa safi, mepesi, ya dhahabu, kama hayajawahi kuganda maishani.

Apolonia aliyatazama. Alfajiri ni uji, mchana ni mafuta. Akazima jiko, akaviacha viazi vibichi mezani na kuchukua funguo.

Athanasi alikuwa amekwisha kufika gerejini, amevaa makoti mawili. Alipomwona Afande anakuja peke yake na taa mkononi, alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake mahakamani.

"Usiwashe gari," alisema Apolonia. "Fungua hiyo nati ya puani. Leta sindano unayovutia mafuta ya breki."

"Afande, mafuta yale ni mapya."

"Ndiyo maana nataka kuyaona."

Fundi alifungua. Mkono wake, ambao ungeweza kufungua nati hiyo gizani, ulikosea mara mbili. Apolonia aliingiza mpira wa sindano kwenye tundu, akavuta. Kilikuja kwa shida, nyuzi nyeupe nzito, kama kitu kisichotaka kuondoka. Alivuta kidogo tu, yaliyobaki akayaacha mahali pake, maana kielelezo hakimwagwi. Akainusa sindano. Ilinukia maandazi.

"Fundi," alisema, "kaa."

Athanasi akakaa juu ya tairi.

"Ya Mwanza yalikuja kweli," alianza. "Chupa ilipasuka ndani ya basi, ikafika tupu. Na mzee alikuwa amesimama pale mlangoni anataka gari lake jioni ileile. Ana mdomo yule, Afande. Anakutukana mbele ya wateja. Nikawa na mafuta ya pamba, safi, hata takataka hayana. Mama yangu alikuwa fundi cherehani, alitia haya kwenye cherehani yake maisha yote, haikuwahi kulia. Nikasema kikombe kimoja tu, wiki hii naagiza mengine." Alitazama kibao chake juu ya mlango. "Nilipoyatia yalikuwa mepesi. Ilikuwa saa tisa mchana."

"Na jana uliniangalia usoni ukasema ni maalumu."

"Jina langu ndilo mtaji wangu, Afande. Watu watasema Athanasi anaweka mafuta ya mboga kwenye injini."

Apolonia alikasirika, na hakuona sababu ya kuficha. "Watasema, na watacheka, na mwakani watakuwa wamesahau. Mwandu saa tatu leo anasomewa mauaji. Hilo halicheki mtu. Kwenye mkoa huu wote kuna supachaja moja tu yenye mafuta ya pamba, na aliyeyatia ni wewe. Bila mdomo wako, Bibi Kwandu alisikia fisi. Ukisema, alisikia gari la Marcelo, na si jingine. Sasa chagua."

Athanasi hakukaa muda mrefu kuchagua. Kwa hilo lazima asifiwe. "Nitasema," alijibu. "Mbele ya yeyote."

"Na lile jingine?"

"Lipi?"

"Lile lililokufanya ufute spana safi."

Fundi akatoa simu mfukoni, akatafuta kitu, akamwonyesha, akaeleza kwa maneno machache. Apolonia alisikiliza mpaka mwisho.

"Marcelo akija, hilo usilitaje," alisema. "Mwombe radhi ya mafuta. Basi. Mtu huyu hawezi kunyamaza akipata haki ya kumfokea fundi."

*

Marcelo alifika saa kumi na mbili na nusu kamili. Method alikuwa amekwisha kumleta Bibi Kwandu na kumketisha nyuma ya ukuta wa gereji, mahali asipoona gari, amefunikwa blanketi la polisi ambalo alilisifu kwamba linafaa kwa ndama.

Apolonia aliyasoma maelezo ya jana kwa sauti: gari lililala mjini, Ijumaa halikuwashwa, halijapiga kelele hata siku moja. "Ni maneno yako?"

"Ni yangu na sahihi ni yangu. Tumalize, nina watu wananingoja."

"Washa, fundi."

Injini iliwaka. Kwa pumzi moja ilikuwa gari lilelile la jana. Kisha puani mwa supachaja kitu kikaanza kucharaza, kikavu, cha haraka, mbegu ndani ya kibuyu. Athanasi akakanyaga mafuta. Mlio mwembamba ukatoka chini ya boneti, ukapanda, ukavuka ukuta na kwenda mtaani, na mbwa wa jirani akabweka.

"Huyo!" Bibi Kwandu alipiga kelele kutoka nyuma ya ukuta. "Mayu, huyo huyo! Mshikeni kabla hajapita!"

"Zima. Toa mkanda wa supachaja."

Athanasi akautoa. Akawasha tena. Injini ikanguruma peke yake, tulivu, bila mcharazo wala mlio.

"Rudisha."

Mkanda ukarudi, na fisi naye akarudi. Apolonia alisimama na saa mkononi. Dakika ya tatu mcharazo ulilegea. Dakika ya sita mlio ulishuka, ukakatika, ukaisha. Gari likarudi kwenye adabu zake. Method aliandika kila dakika kwenye mstari wake, na safari hii mabega yake yalitulia.

"Zima," alisema Apolonia. "Mzee Marcelo, kelele hii unaijua?"

"Siijui. Ndiyo kwanza naisikia. Baridi hiyo." Lakini hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Athanasi, na mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

Fundi alishuka garini, akavua kofia. "Mzee, nakuomba radhi. Mafuta ya supachaja yalimwagika kwenye basi. Alhamisi nilikuwekea mafuta ya pamba. Kwenye baridi yanaganda, ndiyo maana inalia. Kosa ni langu."

"Mafuta ya pamba?" Marcelo alisema polepole. "Ya kupikia?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenye gari langu?" Sauti ikapanda kama ilivyopanda ile ya boneti. "Mshenzi wewe! Halafu nakupigia simu nakwambia gari linalia kama fisi, unanijibu ni baridi, litaacha lenyewe! Siku ya kwanza tu! Ijumaa ileile asubuhi nimekupigia, ukanidanganya mimi, mtu mzima, nimesimama kwenye…"

Alisimama hapo. Gereji yote ilisikia aliposimama. Hata kalamu ya Method ilisimama, kisha ikaendelea.

"Umesimama wapi, mzee?" Apolonia aliuliza.

Marcelo akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi, simu."

Athanasi akaitoa. Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, jina la Marcelo, dakika moja na nusu. Apolonia aliiweka mbele ya macho ya mwenye jina.

"Jana uliniambia Ijumaa halikuwashwa. Sasa Ijumaa lililia kama fisi. Linalia dakika sita tu, likipata joto linanyamaza, umeliona mwenyewe. Bibi aliye nyuma ya ukuta huu anakaa dakika mbili kutoka ghala lako na nusu saa kutoka nyumba yako. Amelisikia. Kwa hiyo ulilala ghalani, ukaliwasha pale, ukapita kwa Bibi, ukamkuta Kristofa na baiskeli yake. Tutakwangua hiyo rangi mpya ya ngao, tutaona baiskeli yake ilikuwa ya rangi gani. Labda hukumwona, labda ulikuwa unashangaa kelele. Hilo utamweleza hakimu. Lakini simu ya kwanza uliyopiga, Mzee Marcelo, hukumpigia daktari. Ulimpigia fundi."

Marcelo alitazama chini. Funguo zilikuwa bado zinaning'inia kidoleni. Method alizichukua kwa upole, kisha akamchukua na mwenyewe.

Bibi Kwandu alitokea kwenye kona ya ukuta akiwa na blanketi lake. Aliliangalia gari jeusi kuanzia ngao mpaka nyuma, akaliangalia kwa dharau.

"Basi kweli alikuwa amepandwa," alisema.

Saa mbili na dakika ishirini Apolonia alifika kituoni na kuyaweka maelezo mapya mbele ya Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, Afande Mayunga, yakiwa na sahihi za Athanasi, Bibi na Method, na sindano ndani ya mfuko wa vielelezo. Mayunga alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili akiwa amekaa. Wa tatu hakuumaliza. Akaagiza funguo za mahabusu.

Nje, Nyanjige alikuwa kwenye benchi lake, chungu mapajani, kitambaa kimefungwa mafundo mawili. Alipomwona Apolonia aliinuka nusu.

"Afande, shikamoo. Wanasema leo anapelekwa mahakamani. Naomba nimpe ale kwanza. Hataweza kusimama huko na njaa."

"Marahaba. Leo usimpe."

Uso wa Nyanjige ulisawijika. "Afande, ni ugali na mlenda tu."

"Najua. Weka chini chungu, mama. Mwandu anatoka sasa hivi kuja kukibeba mwenyewe mpaka nyumbani."

Nyanjige hakuelewa mara moja. Aliutazama mlango, akamtazama Apolonia, akautazama mlango tena, na ndani ya kituo mtu akaburuta komeo la chuma. Ndipo alipokiweka chungu kwenye benchi, polepole, asimwage. Mikono yake ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, naye akaitanguliza mbele yake akiuelekea mlango.